Viatu Kwanza, Mnara Baadaye

Kwetu Ng'ambo, Zanzibar, Iddi pili ilikuwa siku ya kuvuka Darajani kwenda Forodhani kupiga picha mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na mnara wa saa. Mpiga picha alikuwa ami, kwa kuwa kamera ilikuwa yake na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Msimamizi alikuwa bibi, kwa kuwa vilivyobaki vyote vilikuwa vyake. Amri yake ilikuwa moja tu: viatu vionekane. Viatu vya Iddi vimenunuliwa kwa pesa, alisema, na mnara haukununuliwa na mtu wa humu ndani. Basi ami aliinamisha kamera mpaka jozi zote ziingie, na mnara ukabaki nje.

Anayelijua jumba lile atashangaa, maana kuliacha nje ya picha si kazi ndogo. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883, refu kuliko majirani wake wote, na veranda zake zikiwa zimebebwa na nguzo za chuma. Likawa nyumba ya kwanza mjini kuwa na taa za umeme na lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani likavunjika, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, Beit al-Ajaib likabaki limesimama, na baadaye likajengewa mnara wa saa usoni mwake. Kazi iliyowashinda wanamaji wa Malkia Victoria, ami aliifanya kwa kidole kimoja.

Mbele ya mlango palikuwa na mizinga ya shaba ya Wareno. Mwaka mmoja kaka yangu alipandishwa juu ya mmojawapo, mchana, na shaba ile imekaa juani tangu asubuhi. Katika picha hiyo yeye hayuko juu ya mzinga wala hayuko chini. Yuko hewani, kanzu imefunguka kama mwavuli, na viatu, alhamdulillahi, vinaonekana vyote viwili.

Kisha zikaja simu. Dada yangu akawa anajipiga picha mwenyewe, uso umejaa kioo chote, na nyuma ya sikio lake kuna kitu cheupe kinachoweza kuwa veranda au ndoo ya mwuza juisi ya miwa.

Mwaka 2012 sehemu ya veranda ikaporomoka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika ukarabati, mnara na upande wa mbele ukaanguka na watu wawili wakafariki. Siku ile mjini hakuna aliyekuwa na la kusema. Watu walisimama Forodhani wakitazama pengo.

Baadaye mtoto wa shangazi, anayesomea ujenzi, akaja kuomba picha zetu za zamani za mnara. Tukatandika mkeka, tukamwaga albamu zote. Tukaona viatu. Viatu vya kamba, vya bizimu, vya plastiki, makubazi, hata kimoja kimoja. Mnara, hapana.

Mpaka tulipofika kwenye picha ya wale watu. Mwaka mmoja ami alikuwa na homa, tukapigwa na mpiga picha wa kulipwa, naye katika kusafisha akachanganya bahasha. Tukaletewa familia tusiyoijua: baba, mama, watoto watatu, na nyuma yao Beit al-Ajaib zima, kutoka mlangoni hadi kileleni, saa inasomeka. Bibi alikataza isitupwe, akisema huwezi kujua, huenda ni jamaa. Safari hii alivaa miwani, akaichunguza, akatoa hukumu: "Hawa wamepigwa saa kumi, jua limepoa. Nyinyi mlikuwa mkipigwa saa sita, ndiyo maana nyote mmefumba macho." Kisha akaongeza, "Ila viatu vyao sivioni."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tazama albamu za nyumbani kwenu. Ukikuta bibi wa buibui aliyekunja uso, na watoto waliopangwa kwa urefu, viatu vinang'aa, mnara haupo, hao ni sisi. Tuleteeni, nasi tutawapa picha yenu. Nakala ya mnara tutabaki nayo.