Zawadi Kutoka Sumbawanga

Mtu wa Sumbawanga hachagui zawadi ya Krismasi, anachaguliwa. Ndugu wa Dar es Salaam walishatupangia zamani: maharage, mchele wa bonde la Rukwa, migebuka mikavu ya Ziwa Tanganyika. Ukishuka stendi mikono mitupu, hata salamu inapungua.

Mwaka jana nikajitia ustaarabu, nikapeleka matunguu ya maua. Yanatoka uani kwa mama, yale ya ua jekundu la duara linalochomoza mvua za kwanza zikigusa Ufipa. Hayana gharama. Kiangazi majani hukauka, tunguu likalala ardhini na vitoto vyake ubavuni. Unagawa vitoto, mama unamwacha. Nikayafunga kwenye gazeti pamoja na udongo wake.

Shemeji akafungua. Akakuta vitu vya kahawia, kimoja kina kovu la jembe, vingine vina mizizi kama ndevu za babu. Akauliza kwa adabu, "Shemeji, hivi tunaviweka wapi?"

Nikamjibu, "Fukieni hapo mlangoni."

Sebule nzima kimya. Mgeni wa Sumbawanga anamwambia mwenye nyumba afukie kitu mlangoni! Mama mkwe akaanza kusali. Na pale mezani kulikuwa na waridi la plastiki, lina vumbi tangu harusini, wala hakuna aliyelishuku uchawi.

Mjomba akataka kuniokoa: "Si ndiyo chikanda, ile inayoliwa?" Hapana, mjomba. Chikanda ni viazi vya okidi pori. Wazambia huvitwanga, wakachanganya na karanga na pilipili, wakapika mpaka vikaganda. Utamu huo umezitafuna okidi za Nyanda za Juu Kusini: utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria viazi hadi milioni 4 kwa mwaka vikivushwa kwenda Zambia. Ukishang'oa kiazi, ua la mwakani umelila. Kitulo, wanayoiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi ni sababu mojawapo.

"Hili langu haliliwi," nikamalizia, "lina sumu."

Chakula changu jioni ile nilipakuliwa peke yangu.

Msomaji, wewe usiyetoka kwetu, Krismasi hii gawa tunguu la uani kwako. La porini liache lilipo. Kovu na udongo visikutie aibu, maua ya kweli ndivyo yalivyo. Ila wakikuuliza pa kulipanda, sema bustanini.