Msimkimbie Kalunga

Nkt! Eti gemu la mashetani. Kijana wa watu kaja pale njia panda na kompyuta yake, kafungua Tales of Kenzera: Zau, kinyago kimewaka tu kwenye kioo, mzee mmoja kanyanyuka na kwenda zake. Mwingine kamwambia kijana afunge haraka, padri asije akapita. Jamani! Watu wazima mnakimbia mchezo ambao shujaa wake ni mtoto anayemlilia baba yake?

Kaeni niwaeleze, maana nimeucheza na naujua.

Aliyeuanzisha ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wacheza gemu wanaijua sauti yake hata kama jina hawalijui: ndiye Bayek wa Misri katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Wanaofuatilia tamthilia wamemwona kwenye House of the Dragon. Babu yake alikuwa mganga wa jadi, na baba yake ndiye aliyemlea kwa hadithi. Baba akafariki. Salim akakaa na msiba huo miaka, mpaka akaamua kuutolea gemu kupitia studio yake, Surgent Studios. Electronic Arts wakalichapisha tarehe 23 Aprili 2024, dola 19.99, kama faranga 26,000 zetu za Rwanda kwa wakati ule. Si bei ya mtoto wa shule, nakubali. Lakini gemu moja la mpira la mwaka huohuo lilikuwa linazidi mara tatu, na hilo hakuna aliyelikimbia.

Sasa hadithi. Yupo kijana anaitwa Zuberi, amefiwa na baba, na baba kamwachia kitabu. Akikifungua anamkuta Zau, mganga kijana aliyefiwa vilevile. Zau hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nataka baba yangu. Kalunga anampa sharti: ipo mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kuvuka kwenda ng'ambo ya wafu. Niletee yote mitatu, ndipo tuzungumze.

Hapo ndipo ninapotaka mfungue masikio. Kalunga huyu hamwindi mtu. Anatembea na Zau njia nzima, mzee mpole, anamshauri, anamkanya, anangoja kijana amalize kufoka. Wakongo wa kule magharibi, tangu zamani, Kalunga kwao ni maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa. Ukiyavuka, umevuka. Hayana chuki na mtu. Gemu limeuchukua mpaka ule likaupa sura ya mzee mwenye subira, nanyi mnaniambia shetani!

Tazameni wenzetu wanavyofanya. Wafini wa Remedy walitoa Control mwaka 2019. Gemu kali, silikatai. Dada mmoja, Jesse Faden, anaingia jengo la ofisi za serikali New York kumtafuta ndugu yake, kuta zinajipanga upya mbele ya macho yake, naye anang'oa meza na kabati kwa nguvu ya akili tu anawarushia adui. Utamu wake mkubwa. Lakini kila cha ajabu mle kimetiwa chumbani, kimepewa namba, kimeandikiwa faili, na mlangoni kuna mlinzi. Kisichoeleweka kifungiwe, ndiyo kanuni ya jengo lile. Kwa Zau hakuna faili. Mzimu una jina, una ukoo, una kilichouuma hata ukagoma kuondoka, na kazi yako ni kuufikia ulipo.

Kuufikia si rahisi. Unamwona Zau kwa ubavu, anakimbia, anaruka mara mbili hewani, anachupa, anaparamia kuta, na ramani inafunguka kadiri anavyopata uwezo mpya. Mahali uliposhindwa mwanzoni kwa sababu ya maji, unakuja kupata nguvu ya kugandisha, unarudi, maporomoko yanakuwa ukuta wa barafu, unapanda. Ana vinyago viwili alivyorithi. Cha Jua ni cha kupigana karibu, kwa moto, pigo juu ya pigo. Cha Mwezi ni cha mbali, unarusha vipande vya barafu, vikikuishia unangoja vijae tena. Unabadili kwa kitufe kimoja, hata miguu ikiwa haijagusa chini.

Wageni wa gemu hili wanakosea hapohapo. Wanapenda Jua, wanang'ang'ania Jua. Kumbe adui wengine wamevaa ngao ya rangi, na ukipiga kwa kinyago kisicho chake unajichosha bure. Inabidi mikono ijifunze ngoma yake: Mwezi, Mwezi, ruka, badili, shuka na Jua katikati yao, chupa utoke. Mkono ukishika mdundo huo huulizi tena kitufe kiko wapi. Halafu kuna nguvu ya roho inayojaa kadiri unavyopiga. Ikijaa, chagua: ujitibu, au uimwage yote kwa pigo kubwa. Umebakiwa na uhai kiduchu, lile jimzimu nalo limebakiwa na kiduchu, kidole kiko juu ya padi ya kuchezea. Nimewaona vijana wakichagua pigo kwa tamaa, wakafa, wakasonya mpaka nje barabarani.

Lawama ninazo. Ile miiba na ule moto wa chini ukivigusa umekufa palepale, hata kama ulikuwa mzima kabisa, na safari nyingine unarudishwa nyuma hatua nyingi kurudia mruko uleule. Hilo linachosha. Na adui wa kawaida ni wa aina chache. Ukifika katikati umewajua wote.

Lakini mbuyu! Ngojeni niwaambie habari ya mbuyu, maana kwangu mimi gemu zima liko hapo. Njiani kuna mibuyu. Zau akiufikia, unabonyeza kitufe, anakaa chini. Hakuna adui, hakuna cha kuruka. Kalunga anakuja, wanazungumza. Zau anamtaja baba yake: alivyokuwa, anavyomkasirikia kwa kuondoka, anavyojilaumu. Wewe mchezaji huna la kufanya ila kusikiliza. Mazungumzo yakiisha, kile kipimo cha uhai wake kinaongezeka, na kinabaki hivyo mpaka mwisho. Ukipita mbio bila kukaa, utamkuta adui ukiwa dhaifu. Nimecheza magemu mengi, ya bunduki, ya magari, ya mazombi. Sikumbuki jingine linalompa mtu nguvu kwa sababu amekaa akamzungumzia marehemu wake.

Sisemi hili kwa wepesi, na mnajua kwa nini. Gemu lilitoka Aprili 2024, nchi ikiwa kwenye siku mia za kumbukumbu ya miaka 30 ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Hapahapa Mibirizi watu waliuawa parokiani, walikokimbilia wakiamini wamepona. Vijana wanaogombania padi leo wamelelewa na wazazi waliokua bila wazazi. Nyumba nyingi zina jina ambalo mtoto analisikia mara moja kwa mwaka, akiuliza zaidi anaambiwa kale chakula. Gemu haliwezi kuponya jambo la ukubwa huo, wala sitamdanganya mtu. Ila mtoto wa miaka kumi na mitano anapofundishwa na padi kwamba kumtaja aliyeondoka si mkosi, sioni kwa nini mtu mzima amwambie afunge kompyuta.

Tena anafundishwa kwa Kiswahili! Ingia kwenye mipangilio, chagua lugha, Zau na Kalunga wanaongea Kiswahili. Rwanda imekifanya Kiswahili lugha rasmi tangu 2017, Bukavu ya Kongo iko ng'ambo ya mto tu, Kamembe sokoni hakuna asiyekielewa, lakini vijana wetu wamezoea gemu kuwa kitu cha kubahatisha kwa Kiingereza, wanabonyeza bila kujua wameulizwa nini. Hapa wanafuata hadithi mwanzo mwisho. Hilo lina thamani yake.

Na studio yenyewe imeumia. Lilipotoka tu, wabaguzi wakamiminikia Salim kwa matusi, ikabidi ajitokeze mwenyewe kwenye video kujibu. Kabla mwaka haujaisha wafanyakazi wakapunguzwa, fedha za mradi uliofuata zikawa za kutafuta kwa tochi. Kisha Aprili 2025 BAFTA, wale wa tuzo za Uingereza, wakalipa gemu hili tuzo ya gemu lililovuka burudani. Lilistahili. Nilifurahi siku hiyo utadhani ni mwanangu.

Sasa nina langu moja na Salim, na nalisema kwa mapenzi. Mizimu yake mitatu kaiokota mbali. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Kikiyaon, yule bundi wa kutisha, ni wa Senegali na Gambia. Vizuri, Afrika ni moja. Lakini huku kwenye Maziwa Makuu tumekalia nini? Tunaye Ryangombe! Warundi wanamwita Kiranga, Washi wa Bukavu na Wasumbwa wa Tanzania wanamwita Lyangombe. Mzimu mmoja, nchi nne, wafuasi wake waliingizwa kwa siri na kwa viapo, na wakifa walikwenda kustarehe naye juu ya volkano ya Karisimbi, wakati wasioingizwa wakiungua kwenye ile ya Nyiragongo. Mapadri Weupe walipofungua misheni hii ya Mibirizi mwaka 1903 walimkuta, wakampiga vita miaka na miaka. Leo mzee akisikia jina lake anashusha sauti. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa na naungama, wala sioni dhambi kumjua mtu aliyeaminiwa na babu zangu.

Na kifo chake mbona kimejipanga kama gemu! Mwindaji mkubwa, anataka kwenda porini. Mama yake ameota ndoto mbaya, anamkataza. Anakwenda hata hivyo, anakutana na ishara za ajabu njiani, anakutana na mwanamke ambaye anageuka nyati, na nyati anamrusha kwa pembe mpaka kwenye mti wa umuko. Binego mwanawe anakuja kulipiza kisasi. Mti huo mnao mashambani, ule wa maua mekundu, watoto wanachezea mbegu zake. Hapo ndipo mchezaji angekaa, kama Zau kwenye mbuyu.

Kigali kuna vijana wanaandika programu usiku na mchana, wanatengeneza za benki na za pikipiki. Mmoja wao achukue hii. Sehemu ya kwanza ya gemu nampa bure, wasimulizi wa zamani wameshaipanga: mama anavua mkanda wake, anaulaza chini mlangoni ili mwana asitoke. Skrini haina maandishi yoyote. Kwenye padi kitufe kimoja tu ndicho kinachofanya kazi, nacho ni cha kuruka.