Maji, Stima na Haja: Mwongozo wa Mpangaji wa Lori

Huko Marekani wastaafu huuza nyumba, wakanunua gari lenye jiko, bafu na choo, kisha wakazunguka nchi wakijisifu kwamba wako huru. Sisi madereva wa malori uhuru huo tunao tangu zamani, ila wetu huja na mzigo mgongoni na bosi anayepiga simu kila saa. Ukikabidhiwa ufunguo wa lori, hongera, umepata na nyumba: chumba kimoja, kitanda nyuma ya kiti, baraza upande wowote uutakao. Anwani yako ni foleni. Msimu wa mavuno utakaa nje ya maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, mjini Kitale. Siku nyingine, popote kati ya Kanduyi na mpaka wa Malaba. Januari 2022, madereva walipogoma kulipia vipimo vya Korona vya kuingia Uganda, foleni ilitoka mpakani ikafika Bungoma. Mtaa mzima, bila kodi na bila choo.

Maji kwanza, maana ndiyo mepesi. Funga mtungi wa lita 20 nyuma ya kebini kwa mpira wa tyubu. Funga kweli, la sivyo utakuaga kwenye matuta ya Kiminini na kumsalimia mwenye bodaboda aliye nyuma. Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kwa hivyo mgeni hudhani atakinga tu kwenye turubai. Kinga, lakini kumbuka turubai hilo lilifunika nini wiki jana: chai ya mbolea ya DAP itakuotesha ndevu. Ya kunywa nunua kwa kijana wa mkokoteni. Muulize kama ni ya bomba au ya mto. Atasema ni ya bomba. Chemsha.

Stima ina mitego zaidi. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa ziwe 24. Chaja na redio yako vinataka 12, na fundi wa kando ya barabara atakushauri uchomoe waya kwenye betri moja. Mtii ukitaka kuona betri zinavyokufa: moja hunyonywa, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na hatimaye unazika zote mbili. Nunua konvata ya kushusha 24 iwe 12. Inveta nayo ni ibilisi. Utaanza na taa, uhamie televisheni, utazame Arsenal hadi dakika za nyongeza, foleni isogee, na injini ikatae kuwaka. Lori lenye tani 28 halisukumwi na marafiki. Utazunguka ukiomba jampa huku wa nyuma wakikupita mmoja mmoja, wakikupungia mkono. Kuhusu jiko la gesi, kabla ya kuwasha kiberiti mtazame jirani. Akiwa tangi la petroli, kula mkate.

Sasa haja. Magari ya wale wastaafu yana tangi la maji machafu. Huku tangi ni wewe, na ujazo wake hutegemea maharagwe ya jana. Choo cha kituo cha mafuta ni cha wateja pekee, basi nunua dizeli ya shilingi mia mbili kwa uso mkavu. Choo cha hoteli hupatikana kwa kunywa chai, na chai hiyo itakurudisha hapo hapo baada ya saa moja. Mfuko wa plastiki sahau: tangu upigwe marufuku 28 Agosti 2017 unaweza kukutoza hadi shilingi milioni 4 au kukufunga miaka minne, na hapo kosa ni mfuko, kilichomo ni bure. Chupa inafaa, bora usiirushe kwenye sukuma wiki ya mama wa watu, wala usiiweke karibu na juisi ya embe, hasa msaidizi wako, tanboi, akiwa mgeni. (Madereva wanawake wapo, na hapa mwongozo huu hauna la kuwaambia.)

Limebaki shamba la mahindi. Agosti, mahindi ya Trans Nzoia yamekupita kimo na hakuna choo chenye faragha kama hicho. Piga hodi tu. Ifikapo Desemba yamekatwa, yamepukuchuliwa na kutiwa kwenye magunia. Yako hapo nyuma yako kwenye trela, umeyaleta NCPB mwenyewe, na foleni haijasogea tangu asubuhi.