Sifa za Kitenzi Kupanda

Wako wanaosifu asali, wako wanaosifu bia. Mimi mkaaji wa Mapendo, hapa Goma, namsifu mtumishi ambaye hajakosa kazini hata siku moja: kitenzi kupanda.

Asubuhi nakwenda kununua makala, yaani mkaa. "Papa, makala imepanda," mama muuzaji ananiambia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu sasa hivi."

Tazameni uzuri wa jibu hilo. Hakuna mshtakiwa. Mama hakusema amepandisha bei. Kijisilabi kile cha -ish- kingemtoa nje na kumsimamisha mbele ya watu. Waingereza nao wana rise na raise, herufi moja tu ikitenga kinachoinuka chenyewe na kinachoinuliwa na mtu, na watoto wetu shuleni wanahangaika nazo. Sokoni hatuhangaiki. Miaka yote niliyokaa mtaani humu sijasikia mtu akiungama kwamba amepandisha kitu. Kodi ya nyumba imepanda. Nauli ya pikipiki imepanda. Dola imepanda. Vyote vilipanda vyenyewe usiku, sisi tumelala, mwenye nyumba naye amelala.

Na nguvu zake! Kila kitu tunachokula Goma hutelemka. Kabichi hushuka kutoka Kibumba juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao, dereva amepiga goti moja juu ya ubao, mteremko unamkimbiza bila tone la mafuta. Kabichi inashuka, bei yake inapanda, na zinapishana njiani bila kusalimiana. Maji ndiyo pekee yanayopanda kweli: yanachotwa ziwani, yanasukumwa mlimani kwa bidoni za manjano, mtu anatoka jasho. Hapo angalau kitenzi na jasho vinakubaliana.

Hata mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, mwenye mita 3,470, alikipa heshima. Tarehe 17 Januari 2002 alishusha moto ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Kilichoshuka ni moto, kilichopanda ni ardhi: kuna nyumba ambazo ghorofa ya chini ilimezwa na mawe, ya juu ikawa mlango wa barabarani. Watu wakarudi, wakajenga juu ya mawe kwa mawe yaleyale. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukashuka tena. Siku zilizofuata nilisikia kitenzi changu kikitajwa kwenye kila meza ya soko.

Mtu wa pwani ataniuliza: na kupanda mbegu je? Ndugu, Mapendo ni mwamba mweusi. Ukitaka kupanda hata mchicha, uagize kwanza udongo. Kazi hiyo kitenzi kiliiacha Masisi na Rutshuru. Lakini undugu haukukatika. Mkulima wa Masisi akifukuzwa na bunduki, asipopanda viazi kule, viazi vinapanda huku. Sijui lugha nyingine inayoeleza uchumi wa vita kwa neno moja, tena bila kubadilisha hata herufi. (Hapa nacheka kidogo tu.)

Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kuruka. Kupanda peke yake ndiko kulikoendelea kuripoti kazini.

Wivu unamla ndugu yake, kushuka. Naye simsifu: mvivu, mwenye visingizio. Dola ikipanda, bei ya mchele inapanda nayo kabla ya saa sita. Dola ikishuka, unaambiwa huu mchele ni wa zamani, ulinunuliwa dola ikiwa juu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma; nadhani waliwahi kununua mchele Birere.

Nimesahau mahari. Mtaa wetu unaitwa Mapendo, na mapendo nayo yamepanda. Mpwa wangu alipeleka posa, wazee wa upande wa pili wakamwambia kwa upole mwingi, wakitazama dari, kwamba mbuzi siku hizi wamepanda. Hakuna aliyewapandisha, bila shaka. Walipanda wenyewe, kama kawaida ya mbuzi.

Msomaji, ukipita pande hizi ukamkuta kushuka anazurura, nakuomba umshike mkono umlete hadi kwa yule mama wa makala. Mwambie nimekutuma mimi. Usimwambie bei ya jana.