Ombi la Kusajili Miguu ya Wakazi wa Nzuguni

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dodoma.
Nakala: TARURA, TANROADS, na yeyote aliyekabidhiwa kalamu ya kuchora barabara.

YAH: OMBI LA KUSAJILI MIGUU KAMA CHOMBO CHA USAFIRI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba miguu ya wakazi wa Nzuguni isajiliwe rasmi, ipewe namba na, ikibidi, ikatiwe bima, kwani nikiitazama kata yetu naona kuwa kisicho na namba ya usajili hakitengewi nafasi. Lori la shehena liendalo Kigali lina njia yake, tena pana. Basi la mkoani limejengewa stendi. Bajaji na bodaboda wana vijiwe. Gari dogo lililozimwa, ambalo kwa wakati huo halimsaidii mtu yeyote, hupimiwa mita za mraba zipatazo 12 za kulala. Anayetembea peke yake ndiye anayeachiwa makombo: ule utepe wa udongo kati ya lami na mtaro, ambao Januari ni tope na Agosti ni vumbi.

Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani. Stendi Kuu ya Mabasi na soko lililopewa jina la aliyekuwa Spika, Job Ndugai, ni majengo ya kujivunia. Yalijengwa chini ya mradi wa miji ya kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao sisi na wajukuu wetu tumepewa heshima ya kuulipa. Paa lipo, sakafu ipo, maegesho yapo. Ila soko hubaki kuwa jengo tu mpaka mteja afike, na mteja wa Nzuguni, mara nyingi, hufika kwa miguu au hafiki kabisa. Tukijenga vizimba bila kumjengea mteja njia ya kuvifikia, tumejenga ghala zuri. Halafu mfanyabiashara akisuasua kuhamia, au akahamia asubuhi na jioni akarudi kutandika turubai penye kituo cha daladala, tunamwita mkaidi na kumletea mgambo. Kumbe mwenzetu amefanya upembuzi yakinifu bila kulipwa posho: amehesabu nyayo, akakaa zinapopita.

Tuanze na namna watu wanavyonunua, maana hapo ndipo wachoraji wa ramani hupita mbio. Familia yenye gari na friji kubwa inaweza kununua mara moja kwa wiki, ikajaza buti na kuondoka. Biashara ya mtaani kwetu lakini ni ya kupima. Mafuta ya kula hununuliwa kwa kipimo, sukari kwa robo, nyanya na dagaa kwa fungu, mkaa kwa kopo. Wanunuzi hawa hesabu wanaijua sana. Wanajua pia kwamba fedha inayoingia kwa siku hutoka kwa siku. Anayelipwa jioni hununua jioni, kesho akanunua tena. Kwa hiyo duka la mtaani halina haja ya mteja mmoja mwenye buti. Linahitaji watu mia wanaopita mlangoni kila siku wakiwa na shilingi chache mkononi. Sasa ingiza bodaboda hapo katikati. Tuseme nauli ni buku kwenda na buku kurudi: mama aliyetoka nyumbani na elfu tano ya unga na mboga ameacha elfu mbili barabarani kabla hajaminya nyanya hata moja. Ndiyo sababu Mangi wa kona, anayeuza kila kitu kwa bei ya juu kidogo kuliko sokoni, hafilisiki: alichoongeza kwenye bei hakifiki nauli. Njia isiyopitika ni ushuru, Ndugu Mkurugenzi. Mnunuzi anaulipa, muuzaji anapunjwa, na hauingii hata senti kwenye zile mashine zenu za kukusanyia mapato. Nashangaa idara husika haijauona ikaudai.

Ushahidi mwingine tunao hapahapa, umefungiwa ndani ya uzio. Kila Agosti viwanja vya Dkt. John Malecela hufunguliwa kwa maonesho ya wakulima, na kwa siku nane Nzuguni hupata kitovu cha mji kinachotembeka. Magari huegeshwa pembeni. Ndani kuna vijia na miti, kuna vipando vya mtama na alizeti vya kutazama, mabanda yamepangwa ubavu kwa ubavu na milango yake inaelekea njia. Mtu aliyekwenda kuona madume ya ng'ombe anatoka na mche wa mzabibu, sabuni ya mwarobaini na nusu kilo ya nyama choma ambayo haikuwa kwenye bajeti. Jua ni lilelile la Dodoma, umbali si mdogo, na hakuna anayedai aletewe bodaboda kumvusha kutoka banda hadi banda. Aliye kwa miguu huona, husimama, hushika, huuliza bei. Na akishauliza bei, muuzaji stadi hamwachii tena. Anayepita ndani ya gari kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inaruhusu kwenye makazi na ambao wengi huuona wa kuchosha, huambulia rangi ya ukuta. Siku ya nane ikipita, mabanda mengi hufungwa, nasi tunarudi kwenye Nzuguni ya siku 357 zilizobaki. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba ujuzi wa kupanga mahali pa kutembea na kuuza haupo Tanzania. Upo, ila una ratiba.

Tena Dodoma haikuchorwa hivi tangu mwanzo. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huku, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa, kazi ya mpango wa mji ilipewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, na mpango ukatoka mwaka 1976. Mpango ule ulimtanguliza mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi. Gari binafsi lilikuja nyuma yao. Shule, duka na kituo cha basi vilitakiwa viwe karibu na makazi kiasi cha kufikika kwa kutembea. Kinachonichekesha ni kwamba Macklin Hancock, aliyeiongoza kampuni hiyo, alikuwa ameshajipatia jina kwa Don Mills, kitongoji cha Toronto kilichokuwa mfano wa makazi ya watu wenye magari. Yaani waliozoea kuendesha walitushauri tutembee, na sisi tunaotembea tukaja kuchora kwa ajili ya wanaoendesha.

Nakiri kwamba mambo yalienda kasi. CDA ilivunjwa Mei 2017, manispaa ikawa jiji Aprili 2018, na kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 wakazi waliongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179. Ilibidi viwanja vipimwe haraka, na kupima kabla watu hawajavamia ni jambo la kupongezwa. Miji mingapi ya Afrika ingetamani tatizo hilo. Lakini kiwanja kikipimwa kwa haraka hutazamwa kama kipande cha kuuzwa, na mtaa hugeuka jumla ya vipande. Makazi yanapakwa rangi yake kwenye ramani, biashara rangi yake, na kati ya rangi hizo kuna mwendo. Fremu zinakimbilia barabara kuu, mahali ambapo magari yana kasi zaidi na mtu wa miguu yuko hatarini zaidi, huku ndani ya mitaa ukuta ukifuata ukuta bila mlango, kibaraza wala kivuli. Wananchi wamejitibu wenyewe: wametoboa kuta, wakaweka kidirisha cha nondo, wanauza barafu, vocha na maandazi. Kwa ramani ni uchafu. Kwangu mimi ni marekebisho ya ramani yaliyofanywa na watu wanaoishi ndani yake.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba haya ni makao makuu ya nchi, watumishi wana magari na wengine wanakuja. TBA, wakala wa majengo ya serikali, inawajengea nyumba hapahapa Nzuguni, na Mji wa Serikali uko Mtumba, mbele kidogo kwenye barabara kuu hiihii. Sawa kabisa. Lakini gari la nyumba hiyo huondoka asubuhi kwenda Mtumba na mtu mmoja. Wanaobaki ni mwenza, watoto, dada wa kazi, bibi aliyekuja kutoka kijijini na fundi anayerekebisha bomba. Kwa gari moja lililoondoka, imebaki miguu kumi na zaidi yenye mahitaji ya dukani. Isitoshe, mji huu umejaa wafanyabiashara wanaofuata mzigo Kariakoo. Hebu waulizeni huko kama wamewahi kusikia fremu imekosa mpangaji kwa sababu mlangoni hakuna maegesho. Kule gari linatambaa, wakati mwingine halipiti kabisa, na bado watu wanalipa kilemba cha kutisha ili wapate chumba cha kusimama mtu na nusu. Anayelipa kilemba analipia vichwa vinavyopita. Na nafasi ya gari moja lililoegeshwa, zile mita 12 za mraba, mama ntilie anaweka meza mbili na benchi nne, akalisha foleni nzima ya mchana.

Jibu la pili litakuwa fedha. Hapa nitakuwa mpole, maana najua bajeti ya barabara za mitaa inavyonyooshwa ili itoshe. Hata hivyo mitaro tunachimba tayari, kwa kuwa mvua ya Dodoma ni kidogo kwa mwaka lakini ikija huja kwa hasira na kuchonga makorongo. Mtaro huo ukifunikwa kwa mabamba ya zege, juu yake mna njia ya miguu. Bila bamba, mtaro ni mtego wa mtoto wa shule, wa mzee, na wa mtu mwenye kiti cha magurudumu ambaye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilimwahidi kwamba ataweza kufika mahali pa umma. Kuhusu kivuli, kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilizinduliwa mwaka 2017. Mwarobaini tunao, unastahimili kiangazi na hauombi maji kila siku. Kinachokosekana ni kuupanda pale mtu anapopita. Miti mingi ya sherehe hupandwa mbele ya majengo ambayo wageni rasmi huyaingia wakishuka moja kwa moja garini.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito: mkijengewa njia, wamachinga wataijaza bidhaa, na mtarudi kutembea kwenye lami. Ni kweli, imetokea Dar es Salaam na itatokea hapa. Mwaka 2021 nchi nzima iliingia kwenye zoezi la kuwapanga wamachinga, na Dodoma ikawajengea soko lao la wazi, hatua ya kiungwana kuliko kuwafukuza tu. Lakini kanuni ileile aliyoigundua mwenye turubai itaendelea kufanya kazi: penye miguu pana biashara, na hakuna mgambo anayeweza kuihamisha kanuni hiyo kwa kirungu. Njia ya mita moja haigawanyiki, hugombaniwa. Yenye mita tatu inaweza kuchorwa mstari, mbili za kupita na moja ya kutandika, na anayetandika akalipia nafasi yake. Sisemi usimamizi utakuwa rahisi. Mstari wa rangi hufutika, na msimamizi naye ana njaa kama watu wengine. Ila nachagua kugombania upana wa mita tatu zilizopo, badala ya kuendelea kukosa hata hiyo moja kwa hofu kwamba itavamiwa.

Kuhusu vijana wa bodaboda, wasiogope. Abiria wa kwenda Kisasa au Ihumwa watabaki kuwapo; atakayepungua ni yule anayepandishwa pikipiki mita mia sita kwa kuwa hana pa kukanyaga.

Basi, wakati suala la usajili likipitia ngazi zake, naomba matatu yasiyohitaji mkopo mwingine. Mitaro inayotoka stendi na sokoni kwenda mitaani ifunikwe kabla ya mvua za Desemba, na vivuko vya barabara kuu viwekewe matuta ili pundamilia aliyechorwa chini aheshimiwe. Mwenye kiwanja cha kona aruhusiwe kufungua fremu moja ukutani kwa fomu ya ukurasa mmoja, asipelekwe kwenye mchakato mzima wa kubadili matumizi ya ardhi kana kwamba anajenga kiwanda. Na kwa makubaliano na wenye viwanja vya maonesho, geti lifunguliwe jioni za Jumamosi na Jumapili, wauza zabibu na wachoma nyama wakaribishwe kwa ushuru wa kawaida. Vijia vipo, miti ipo. Kinachotakiwa ni funguo na mlinzi wa zamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Nzuguni