Sikuambii, Ila...

Kinyozi wangu ana desturi moja. Akishafika nyuma ya sikio, pale ambapo mteja hawezi kutikisa kichwa wala kukimbia, ndipo anapozima mashine na kuuliza: "Kaka, ile picha ya yule dada mpelelezi umeshaiona?" Nikijibu bado, na nikimwomba kwa heshima zote asinisimulie, huweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. "Siwezi kukuharibia, kaka. Sikuambii. Ila yule dada mwenyewe ndiye adui."

Kisha mashine inawaka tena.

Watu wenye roho ndogo humwita mtu wa namna hii mmbea. Mimi nimekalia kiti chake miaka ya kutosha kujua kwamba ni mfadhili, na leo nataka nimpe haki yake, yeye na wenzake wote wanaotazama picha usiku na kuamka na maoni asubuhi: kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, hata msibani watu wakishanawa mikono. Hakuna aliyewaomba wala anayewalipa. Mhakiki wa gazeti hulipwa kwa kusema picha ni mbovu. Hawa wanasema bure, tena kwa sauti inayofika mpaka kiti cha nyuma.

Tuanze na hiyo "ila". Katika Kiswahili chote sijaona neno jembamba linalobeba mzigo mzito kiasi hiki. Mbele yake kuna ahadi, nyuma yake kuna maiti. "Itazame mwenyewe, ila usimzoee sana yule mtoto." "Sisemi kitu, ila harusi haifungwi." Mtu ametunza siri na kuitoa kwa pumzi moja, na huna pa kumshtaki, maana kweli hakukuambia. Alikutahadharisha.

Halafu tazama anavyokuokolea muda. Sholay ya mwaka 1975 inakwenda zaidi ya saa tatu. Marehemu mjomba wangu, aliyeiona enzi za majumba ya sinema, aliimaliza kwa pumzi moja: Amitabh anakufa, na ile sarafu aliyokuwa akiirusha kila mara ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Farasi, treni, nyimbo na jasho la watu wote wale, nimekabidhiwa kabla chai haijapoa. Nilipokuja kuiona mwenyewe kwenye mkanda, kila sarafu iliporuka nilijua jambo ambalo Dharmendra, rafiki yake wa kufa na kuzikana, hakulijua. Wenzangu walianza kulia mwishoni. Mimi nilikuwa nimeanza tangu mwanzo, na sioni kama kuna mtu aliyefaidi kiingilio chake kunishinda.

Mjomba alisimulia pia kwamba jambazi Gabbar Singh anakamatwa na polisi. Ndivyo ilivyo, na ndivyo tulivyoona sote. Lakini mwongozaji, Ramesh Sippy, alikuwa amepiga mwisho mwingine, ambamo Thakur, mzee aliyekatwa mikono, anamuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa India, mwaka huohuo Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari, wakaitazama, wakatoa maoni, na polisi wakafika. Nakala iliyokarabatiwa ikiwa na mwisho ule wa awali ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Kwa hiyo mjomba alitutobolea siri ya mwisho ambao haukuwa mwisho. Hakuwahi kujua, na nina hakika angejua angesema wa kwake ndio mzuri.

Wapo waliojaribu kuwafunga midomo watu hawa. Alfred Hitchcock alipoitoa Psycho mwaka 1960 aliagiza mtu asiruhusiwe kuingia ukumbini picha ikishaanza, akawasihi watazamaji wasisimulie mwisho. Ningependa angekuja kibanda umiza. Pale mlango ni pazia la kanga, watu wanaingia katikati ya risasi, na aliyechelewa anauliza hata kabla hajapata nafasi kwenye benchi: "Steringi yupi?" Anaonyeshwa kwa kidole. "Kafanywaje?" "Wameua familia yake." Basi, anakaa. Nusu saa nzima ya Hollywood, ile ya mke wa steringi kukaanga mayai na mtoto kukimbia bustanini, imekwisha kwa maneno matatu, na hakuna kilichopotea.

Na ni kibanda umiza hichohicho kilichowapa kazi rasmi. Tanzania ilimpata Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, na picha zikaanza kutafsiriwa na mtu asiyeweza kutafsiri bila kusema lake. Mchina anafumbua kinywa, na sauti inakueleza alichosema, kisha inaongeza kuwa ni mwongo, amezoea, na muda si mrefu atakiona cha mtema kuni. Wenye elimu wanaona huko ni kuichafua kazi ya watu. Mimi nikikutana na nakala isiyotafsiriwa huwa nahisi nimepunjwa: watu wanapigana kimyakimya, hakuna anayemsema mtu, utadhani ni kikao cha bodi.

Uhakiki wa kijiweni una daraja tatu tu: kali, ya kawaida, na bovu. Picha ambayo steringi anakufa ni bovu, hata ingepewa tuzo na wafalme. Haina rufaa hiyo.

Msije mkadhani maoni haya yanaishia kijiweni. Titanic ilipotufikia, rafiki yangu alinivuta pembeni na kuninong'oneza, kwa huruma kabisa, kwamba meli inazama. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshalitangaza hilo Aprili 1912, lakini nilimshukuru. Kisha akaongeza lile ambalo vijiwe vyote vimeliongeza tangu 1997: "Ule ubao ungewatosha wote wawili. Yule dada ana roho mbaya." Mtu angedhani mwongozaji James Cameron, ambaye picha yake hiyo moja ilizoa Oscar 11, angelala usingizi wake. Wapi! Mwaka 2023, katika kipindi cha National Geographic, alionekana akiwatia watu wawili kwenye maji baridi na kuwapandisha ubaoni kwa mikao mbalimbali, apime. Akakubali kwamba katika mkao mmojawapo Jack, yule kijana aliyekosa nafasi ubaoni, huenda angepona. Robo karne, bajeti, wataalamu na vipimajoto, vyote kumjibu mtu ambaye hata kahawa yake alikuwa hajailipia.

Lakini katika wote niliowahi kuwasikia, sijaona wa kumfikia mama yangu. Yeye hangoji picha iishe ndipo atoe maoni. Anayatoa ikiwa bado inatafuta pa kuelekea. Jioni moja anachambua mchele, ungo uko mapajani, tamthilia ya Kituruki inaendelea. Anaingia mwanaume mmoja aliyevaa vizuri, hajasema hata neno.

"Huyu simtaki," anasema mama.

"Kakosa nini, mama?"

"Hujamwona anavyofunga mlango?"

Narudisha macho kwenye mlango. Umefungwa kama milango yote inavyofungwa. Yeye ameshatoa kijiwe kimoja kwenye mchele, amekitupa, na mazungumzo yamekwisha. Wiki tatu baadaye mwanaume yule anamtilia sumu mkwewe kwenye glasi ya maji. Nyumba nzima inapiga kelele. Mama hainui hata uso. "Si niliwaambia," anasema, na kuupepeta ungo. Tangu siku hiyo nimejaribu kuangalia watu wanavyofunga milango, ofisini hata kwenye teksi, na sijaambulia chochote. Kipaji hicho hakirithishwi.

Nakiri kwamba huduma hii ina adha zake ndogo. Kuna shemeji yangu mmoja ambaye hawezi kutoa maoni bila kuigiza, na picha za ngumi zimeshatugharimu vikombe viwili na taa ya mezani. Kuna na wale wanaoanza na "kwa ufupi". Ukisikia "kwa ufupi" kwenye basi la kwenda Tanga, ujue mtafika Segera majambazi bado hawajapanga mpango wao.

Ijumaa iliyopita hatimaye nikaitazama ile picha ya dada mpelelezi. Nilimkodolea macho mwanzo mpaka mwisho. Akimimina chai, najua ina sumu. Akimkumbatia mwenzake, natafuta kisu kiko mkono upi. Akicheka nasema mwone, mwone, na mke wangu ananiuliza nimwone nani. Sijawahi kutazama picha kwa makini namna ile. Mara ikaisha, na adui akawa mkuu wa polisi. Dada wa watu hakuwa na kosa lolote. Nusu nzima ya wasiwasi nilioupata hakuiweka mwongozaji, wala hakunitoza kwa ajili yake. Ilitoka kwenye kiti cha kinyozi.

Jumamosi nikarudi kwenye kiti hicho. Alipofika nyuma ya sikio, safari hii nilimwahi mimi. "Kaka," nikamwambia, "yule dada siye adui."

Akazima mashine. Akanitazama kwenye kioo kwa kitambo. "Kumbe?"

Akaniambia umeme ulikatika palepale dada alipokuwa akiingia jikoni na kile kisu, hivyo mwisho akaumalizia mwenyewe kichwani, na aliona umekaa vizuri tu. Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama fundi anayekuonyesha kazi ya mkono wake. Kisha akainama karibu.

"Sasa adui nani?"

"Mkuu wa polisi," nikasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayenyolewa.

Pale kwenye benchi, mteja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaishusha simu taratibu, akanitazama. Alikuwa bado hajaiona.