Ainisho la Wana-Embu Katika Magofu ya Gede

Chanzo cha utafiti huu ni kalenda ya zamani katika duka la dawa za mifugo mjini Embu. Ilikuwa na picha ya hekalu la Ta Prohm, kule Kambodia, mizizi ya mti imeukumbatia ukuta kama chatu. Chama chetu kikaazimia kwenda Siem Reap, liliko hekalu hilo. Mhazini akapiga hesabu ya nauli, akanyamaza, kisha akasema Gede nayo ina miti juu ya kuta. Ndivyo tulivyoondoka saa kumi alfajiri kuelekea Gede, karibu na Malindi, watu kumi na wanne na hotipoti tatu za githeri.

Sampuli ya watu kumi na wanne yatosha. Mwenyekiti wetu alichaguliwa na tisa.

Spishi ya kwanza ni Mjenzi. Hutambulika kwa kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akiambiwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kwamba kaburi moja pale lina tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, haulizi habari za marehemu. Anamuulizia fundi, maana plasta ya choo chake ina miaka mitatu na imeshabanduka.

Ya pili, Mpigapicha, haihitaji maelezo. Kima walimpokonya ndizi.

Ya tatu ndiyo iliyotuchosha: Muuliza-Maji, mwenye spishi ndogo mbili. Wa juu, wa Kianjokoma na Manyatta kwenye majani chai, alipoambiwa kuwa mji wenye kasri, msikiti mkuu, vyoo ndani ya nyumba na vyombo vya kaure kutoka Uchina ulihamwa karne ya 17, na kwamba sababu mojawapo inayotajwa ni visima kukauka, alicheka. Kwake maji ni kitu kinachopita chini ya shamba kikipiga kelele. Akaona heri nadharia ya uvamizi wa Waoromo, vita anavielewa.

Wa chini, Mmbeere wa Siakago, hakucheka. Alikwenda hadi kisima cha kando ya msikiti, akainama, akakitazama kama atazamavyo mgonjwa wa jirani. Mwongozaji alipotaja kwamba kisima kile kilikuja kuchimbwa kwenda chini zaidi, mama huyo akasema tu, "Hapo walikuwa wameshaanza kufunga mizigo." James Kirkman alianza kuichimbua Gede 1948, akaendelea kwa miaka kumi hivi. Mama alitumia dakika nne.

Imebaki spishi moja adimu, Balozi wa Muguka, yale majani ya kutafuna yanayolimwa kwetu Embu. Mei 2024 Kilifi iliupiga muguka marufuku, ikiifuata Mombasa, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Julai mwaka huohuo UNESCO ikaiingiza Gede katika Urithi wa Dunia. Balozi hushikilia kuwa mambo haya mawili ni kesi moja. Alisimama katikati ya kasri, shavu limejaa, akamfafanulia mwongozaji, kijana wa Kigiriama, kwamba muguka huvumilia ukame, na kwamba mji huu ungeupanda ungekuwa hai hadi leo. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. "Karibu tena, mzee," akasema.

Kikao kilichofuata cha chama kilijadili Siem Reap kwa dakika mbili. Saa nzima iliyobaki tulimchangia mama wa Siakago tangi la lita elfu tano.